Uzi: Ngoma za Waakan zinaongea kweli, sisi ndo tunasikia mdundo tu

Mpangaji wa Legon:

Wakuu habari za jioni.

Kule kwenye uzi wa singeli kuna mtu aliandika kwamba ngoma za Ghana zinaongea, watu wakamshukia kama mwewe, mara ooh chumvi, mara hizo stori za kuwauzia watalii. Nikataka kujibu palepale nikaona itapotea, bora nifungue uzi wake.

Mi nimekaa Legon pale Accra mwaka na miezi kadhaa kwa masomo ya udongo. Muziki sijasomea na hata filimbi siwezi kupuliza. Ila siku moja rafiki yangu mmoja Muasante akanibeba kwenda msibani kwao, kijiji fulani ukitokea Kumasi. Msiba wa wale watu ni shughuli jamani, nguo nyeusi na nyekundu, viti vimepangwa, watu wanaendelea kuingia tu. Chifu kakaa na watu wake, ikafika muda akainuka aende kusalimia upande wa pili. Palepale jamaa mwenye ngoma mbili kubwa akabadilisha pigo. Mimi nikaona hapa sasa pamenoga, nikaanza kutikisa kichwa. Rafiki yangu akanifinya. "Acha, anaongea." Anaongea nini? "Anamwambia chifu atembee taratibu, kwa madaha, asijikwae." Nikamtazama chifu, kweli anavuta hatua kama bibi harusi anaingia ukumbini. Watu wazima wote pale wameelewa, peke yangu ndo nacheza hotuba ya mtu.

Toka siku hiyo nikaanza kuchimba, na nachotaka kusema humu ni kimoja: hawa Waakan (yaani Waasante, Wafante, Waakuapem, Waakyem, Wabono na ndugu zao) ukitaka kuielewa ngoma yao mlango wa kuingilia ni lugha. Kitwi, wanachoongea wengi wao, ni lugha ya toni. Neno lilelile ukipandisha sauti au ukishusha linageuka kitu kingine. Mfano ambao kila mtu atakupa ni "papa": tamka hivi ni "zuri", tamka vile ni "baba", shusha silabi zote mbili ni pepeo ya kujipepea. Kwetu papa ni samaki, panda nalo shuka nalo atabaki samaki.

Sasa zile ngoma mbili zinaitwa atumpan. Moja ya sauti ya juu, wanasema ndo jike, nyingine ya chini ndo dume. Mpigaji, okyerema, anachukua sentensi anaivua konsonanti na irabu zake, inabaki kupanda na kushuka kwa sauti pamoja na mwendo wa silabi, basi anaipiga. Sio alama za siri za kukaririshana kama simu za upepo za zamani, ile ni sentensi yenyewe kabisa ikiwa imevuliwa nguo.

Na mtu aliyeliandika hili vizuri kuliko wote ni Kwabena Nketia. Kazaliwa Mampong, Asante, mwaka 1921, kafariki 2019 ana miaka 97. Mwaka 1944 akaenda London kusoma isimu, yaani sayansi ya lugha, kwa Profesa Firth. Isimu wakuu! 1952 akaanza utafiti chuo kikuu kilekile cha Legon enzi hizo nchi bado inaitwa Gold Coast, akawa anazunguka vijijini kurekodi. Sasa angalia mpangilio wa vitabu vyake: 1955 katoa cha maombolezo ya msibani, kile cha ngoma kikaja 1963. Kaanza na maneno, ngoma baadaye. Wengine waliomtangulia walianza na mdundo ndo maana wakapotelea humo.

Karibuni tupigane kwa hoja.

Chapakazi:

Ngoja nivute kiti. Huu uzi una madini.

Sauti ya Pembeni:

Mleta uzi umeandika vizuri lakini hujajibu swali la msingi. Lugha yenye toni ina maneno mangapi yenye kupanda na kushuka kulekule? Mamia kama sio maelfu. Ngoma ikipiga juu-juu, utajuaje ni "mbuzi" au ni "moto"? Mi naona pale watu wamekariri mapigo kumi kumi na tano, wakisikia wanajua ni lipi, ndo basi, kama mchezaji anavyojua filimbi ya refa. Hiyo sio kuongea, hiyo ni king'ora.

Mzee wa Kisangani:

Sauti ya Pembeni, swali lako ni zuri na lilishajibiwa hukuhuku kwetu Kongo. Mimi ni wa Kisangani, hapo mtoni kuna watu wanaitwa Walokele, wana lokole, gogo lililochimbwa ndani lenye midomo miwili, mmoja unalia juu na mwingine chini. Kulikuwa na mmisionari Mwingereza, Carrington, alikaa Yakusu na sehemu za karibu, akajifunza kuipiga mpaka watu wakamkubali, 1949 akatoa kitabu cha ngoma zinazoongea. Yeye alikuta shida hiyohiyo unayoisema. Katika Kikele, lugha ya Walokele, mwezi ni songe, kuku ni koko, yote mawili ni juu-juu. Sasa mpigaji hapigi songe peke yake. Anapiga sentensi nzima, "mwezi unaotazama chini duniani". Kuku naye anakuwa "kuku mdogo anayesema kiokio". Neno limerefushwa makusudi ili mashaka yaishe. Ndiyo maana ujumbe wa lokole ni mrefu kuliko wa mdomo mara nyingi sana, neno moja linageuka mstari mzima.

Kwa hiyo ni kweli watu wamekariri misemo, lakini wewe pia ukiongea unatumia misemo uliyoikuta, haujaiunda asubuhi hii.

Mpangaji wa Legon:

Mzee wa Kisangani shikamoo, umenisaidia kazi.

Kwa Waakan ni vilevile. Mtu hatajwi kwa jina tupu, anatajwa na majina yake ya sifa, ukoo, alikotoka. Mto unatajwa na sifa zake. Na kuna lile shairi maarufu la ngoma ambalo linasema, kwa maneno yangu mimi, njia imeuvuka mto na mto umeivuka njia, yupi mkubwa? Jibu: njia tuliitengeneza tukaukuta mto, mto ni wa tangu kale, umetoka kwa Muumba. Hilo linapigwa kwenye atumpan bila mtu kufungua mdomo. Utaniambia hicho ni king'ora?

Kabla ya kuanza mambo makubwa okyerema anaviamsha kwanza vifaa vyake. Anaita mti uliochongwa ngoma, tweneboa, anamwita tembo aliyetoa ngozi, anaviita na vile vigingi vinavyobana ngozi. Anawapa pole hata, maana walikatwa na kuchinjwa. Mimi hapa ndo huwa nasisimka.

Na Rattray, yule afisa wa mkoloni aliyewekwa 1921 kuchunguza mila za Waasante, kwenye kitabu chake cha 1923 aliweka historia ya dola ya Mampong kama inavyopigwa na ngoma, mtawala baada ya mtawala. Mampong ileile alikozaliwa Nketia, na ni mwaka uleule mmoja anaajiriwa mwingine anazaliwa. Rattray huyohuyo ndo kaandika kwamba mpiga ngoma haruhusiwi kubeba ngoma zake mwenyewe, akibeba atapata wazimu. Ningekuwa mpiga ngoma hiyo sheria ningeitetea kwa nguvu zote.

Chapakazi:

😂😂 hata mi naanza leo, mwenye spika azibebe mwingine

Mwalimu wa Kwaya:

Nimesoma kimya lakini hapa kwenye toni imebidi nitoe mkono. Sisi tunaofundisha kwaya tunalijua tatizo la nyimbo za kizungu zilizotafsiriwa. Kiswahili kinataka mkazo silabi ya pili toka mwisho, wimbo unaweka mkazo kwingine, unasikia "BWAna" imekuwa "bwaNA" na kadhalika. Masikio yanauma lakini waumini wanaelewa. Sasa kama Kitwi ni hivyo mlivyosema, si kule wimbo wa kanisani utakuwa unatukana watu?

Mpangaji wa Legon:

Mwalimu umegonga penyewe. Ndo kisa cha Ephraim Amu. Huyu alikuwa mtu wa kabila la Waewe, wa Peki, kazaliwa 1899, akawa mwalimu kwenye chuo cha ualimu cha Wapresbiteri pale Akropong kuanzia 1926. Akaona hilohilo, kwamba tuni ya kizungu ikikaa juu ya maneno ya Kitwi au Kiewe inayapinda. Akaanza kutunga nyimbo za kanisa ambazo sauti inapanda pale neno linapopanda na kushuka linaposhuka. Akaingiza na filimbi za mianzi, atenteben, akajifunza na ngoma za kienyeji. Na jumapili akaenda kuhubiri amevaa vazi la kwao badala ya suti. 1933 wakamtoa pale chuoni.

Nketia alikuja kusoma Akropong hiyohiyo baadaye, Amu keshaondoka, ila nyimbo zake zilibaki zinaimbwa. Kwa hiyo kabla hajaenda London kusoma isimu alishakutana na mtu anayesema tuni lazima itii neno. Hili ndo watu wengi wanaliruka, wanamwanza Nketia London.

Bint Amu:

Mie nlipoona Amu imeandikwa nkadhani twanenwa sisi wa Lamu, nkaja mbio 😅 kumbe ni mzee wa watu.

Lakini nimeshakuja basi niulize. Hao mafalme wa Kiasante wana pembe? Maana sisi pwani tulikuwa na siwa, siwa ya Pate ya pembe ya ndovu na siwa ya Amu ya shaba, yapulizwa kwa ubavuni, na haikupulizwa ovyo, ni mambo ya wenye nchi.

Mpangaji wa Legon:

Bint Amu karibu sana hata kwa kupotea njia. Wanazo tena nyingi. Ntahera ni kundi la pembe za ndovu za wafalme, nazo zinapulizwa ubavuni hivyohivyo. Kuna mmensoun pia, maana yake pembe saba. Kwenye ntahera pembe inayoongoza inaitwa sese na hiyo inatamka maneno kama ngoma, nyingine zinaitikia. Sisemi siwa ilitoka kule au ya kule ilitoka kwetu, ndovu walikuwa kote na wenye nchi walikuwa kote. Ila siwa yetu ilitangaza, ile yao inatamka. Toni tena.

Msemakweli wa Eldoret:

Buda hii yote ni poa, lakini mbona kila mtu akiongelea music ya West Africa ni rhythm rhythm rhythm? Nimeona video mob za hawa wazungu wanachora maduara na hesabu. Wewe unasema ni lugha. Nani ako right?

Mpangaji wa Legon:

Msemakweli, kuna ugomvi wa kisomi hapo na ni mtamu.

Kuna padri wa Kiingereza, A. M. Jones, alifanya kazi Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia, 1959 akatoa kitabu kikubwa ambacho sehemu kubwa ni muziki wa Waewe. Yeye kila chombo akakiandikia mistari yake ya kugawa mapigo, huyu anaanzia hapa, yule pale, ukitazama ukurasa utadhani wapigaji wamegombana. Nketia akasema hapana bwana, wale watu wanacheza pamoja, mguu wa mchezaji unakanyaga mahali pamoja, basi andika wote chini ya mgawanyo mmoja. Neno la kitaalamu la ule mlio wa kengele unaojirudia na kuwashika wote, "mstari wa muda", linahesabiwa kuwa ni lake.

Halafu akaja Kofi Agawu, naye Mghana, 1995 akawavaa wote kwa kusema hili wazo la "mdundo wa Kiafrika" kama kitu cha ajabu kisichoshikika lilibuniwa na waandishi. Kwa nini hamuandiki maneno ya nyimbo? Kwa nini hamuandiki sauti zinavyopangana? Waakan wanaimba kwa sauti mbili zinazotembea sambamba, nafasi ya tatu kwa tatu, mwalimu wa kwaya atanielewa. Hilo hulioni kwenye video za maduara. Mi niko upande wa Agawu asilimia mia, japo anaandika kwa ukali mpaka unamwonea huruma anayesemwa.

Mwalimu wa Kwaya:

Do na mi, re na fa, mi na so, zinatembea pamoja. Naelewa sana. Kwa hiyo walikuwa wanafanya hivyo kabla ya misheni?

Mpangaji wa Legon:

Ndio, inaonekana mpaka kwenye nyimbo ambazo hazijawahi kuona mlango wa kanisa. Sio Afrika nzima lakini, Wagogo wetu wa Dodoma wanapanga kwa nafasi pana zaidi, ya nne na ya tano, na ndo maana ukisikia sekunde tatu unajua hii ni Ugogoni.

Na kengele nikupe zawadi mwalimu. Kuna pigo moja limeenea mno Afrika Magharibi, mapigo saba ndani ya hesabu kumi na mbili. Gonga meza: hesabu 1, 3, 5, 6, 8, 10, 12, halafu rudi 1. Nafasi zake zinakwenda mbili mbili moja, mbili mbili mbili moja. Sasa hesabu ngazi ya do re mi fa so la ti do kwa nusu sauti.

Mwalimu wa Kwaya:

Aisee.

Aisee. Mbili mbili moja mbili mbili mbili moja. Nafundisha hii ngazi mwaka wa kumi na tisa huu.

Sauti ya Pembeni:

Nimegonga meza dakika kumi nzima, hapo kwenye 5 na 6 napotea kila mara. Wife katoka chumbani kauliza nani yuko mlangoni usiku huu.

Nakato wa Masaka:

Sauti ya Pembeni wewe ulisema king'ora, mimi naomba nirudi huko. Kwetu Buganda kila ukoo una omubala wake, pigo la ngoma lenye maneno, mtu wa ukoo akisikia anajua ni wao wanaitwa. Na kuna ile ya kuita watu kazi ya pamoja, bulungi bwansi, inasema "saagala agalamidde", yaani sitaki kuona aliyelala. Mtoto mdogo anaisikia kwenye ngoma bila mtu kumwimbia. Luganda nayo ina toni. Naona jambo lipo hapo, ninyi wa Kiswahili lugha yenu iliacha toni njiani ndiyo maana mnabisha.

Sauti ya Pembeni:

Basi dada nimesalimu amri kwenye hilo. Lakini nibaki na kipande changu: mtu ambaye hajakulia pale hasikii chochote. Kwa hiyo hiyo ni lugha ya wazee wa ikulu, vijana wa Accra wenyewe leo wanaisikia?

Mpangaji wa Legon:

Hapo una hoja na sitakupinga sana. Rafiki yangu aliyenifinya msibani alikuwa anaelewa ile misemo ya kawaida tu, ilipofika majina ya sifa ya zamani aliniambia "hapo hata mimi sijui, muulize mjomba". Ngoma kama fontomfrom na kete ni za machifu, hazipigwi kila mahali, na misemo yake ina maneno ya zamani. Lakini redio ya taifa ya Ghana kitambulisho chake ni atumpan inayosema "Ghana muntie", Ghana sikilizeni. Hicho mpaka dereva wa trotro, daladala zao, anakijua.

Kanda alizorekodi Nketia na wenzake tangu miaka ya 50 zipo Legon kwenye taasisi ya masomo ya Afrika, taasisi ambayo Nkrumah aliizindua rasmi 1963 na Nketia akaja kuwa mkurugenzi wake 1965. Nyaraka zile sasa zinaitwa kwa jina lake. Nilipita mara mbili kutoka maabara yangu ya udongo na viatu vina matope, nikaambiwa nivue.

Chapakazi:

Mkuu nje ya mada kidogo, nilisoma kuna ngoma ya Waakan iko makumbusho ya London ilitokea Marekani, ni kweli?

Mpangaji wa Legon:

Kweli, British Museum. Ilichukuliwa Virginia miaka ya 1700 mwanzoni, ikaingia kwenye makusanyo ya Hans Sloane, na kwa muda mrefu waliiandika kuwa ni ya Wahindi Wekundu. Baadaye mbao ikapimwa, mti ni wa Afrika. Yaani inaelekea ilivuka bahari kwenye meli ya watumwa. Meli hizo zilikuwa zinawalazimisha watu kucheza juu ya sitaha ili wasife kabla ya kuuzwa, na ngoma zilitumika kwenye hayo. Sipendi kuendelea hapo.

Bint Amu:

Na wanawake je? Toka juu naona okyerema, chifu, padri, profesa, waume watupu. Sisi huku bila wanawake hakuna ngoma itakayolia.

Mpangaji wa Legon:

Bint Amu umenishika pabaya, hilo nililiacha.

Atumpan ni ya wanaume na kulikuwa na miiko mizito kwa mwanamke aliye kwenye siku zake kuigusa. Lakini nnwomkoro ni kundi la nyimbo la wanawake, linaimba sifa za watu na mapenzi. Adowa ya msibani, wanaoimba mbele ni kinamama. Ile ngoma ya kubana kwapani yenye kiuno, donno, ilipigwa na wanawake kwenye bragoro, ambayo ndo unyago wa wasichana wao. Na yale maombolezo, ambayo nimesema Nketia aliyatolea kitabu 1955, ni ya wanawake. Mama anatembea msibani huku na huku, analia kwa maneno yaliyopangwa, anataja abusua, yaani ukoo, ya marehemu, babu zake, mji walikotoka, majina yao ya sifa, anamwomba akifika amtumie kitu. Majina hayohayo ya sifa ndo atumpan inayapiga upande wa pili wa uwanja.

Kwa hiyo kumbe profesa naye aliingilia mlango wa kinamama kabla ya kufika kwenye ngoma za wafalme. Nashukuru kwa swali, nilikuwa nayo mbele ya macho nikawa siioni.

Bint Amu:

Haya nimeridhika. Andika na hilo juu kabisa, usilifiche mwisho.

Mpangaji wa Legon:

Muda wa kuhariri post ya kwanza umeshapita, nitawaomba wasimamizi. Kesho nikitoka shamba nitaandika habari ya seperewa, kinanda chao cha nyuzi ambacho kilikuwa karibu kupotea na kikaacha vidole vyake kwenye gitaa la hailaifu, muziki wao wa dansi. Mwalimu wa Kwaya usiache kugonga meza, ila hesabu ya 5 na 6 zigonge kwa haraka, ndo Sauti ya Pembeni anapoangukia.